Tundu Dogo la Mbale: Historia ya Tiba ya Watoto Wenye Vichwa Vikubwa

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, alinipa uhuru wa kuchagua nipendalo, ila alinionya kwamba habari za mabweni, uji wa asubuhi na viranja wakali zimekwisha andikwa na wenzangu kiasi cha kutosha. Basi nimeshika habari ambayo kwa kuitazama juu juu haihusiani na shule yetu hata kidogo. Ni habari ya watoto wachanga wanaopatwa na ugonjwa wa kichwa kikubwa, na ya namna ambavyo njia moja ya kuwatibu ilivumbuliwa Marekani, ikatupwa, ikafufuliwa hapa Afrika Mashariki katika mji wa Mbale nchini Uganda, kisha ikarudi Marekani ilikotoka. Mimi si daktari. Nilisoma Historia kule Mlimani, na tangu hapo nimekuwa mtumishi wa Serikali katika ofisi za wilaya. Lakini Historia haimkatazi mtu kuchungulia chumba cha upasuaji, mradi asishike kisu.

Sababu iliyonifanya niifuatilie habari hii ni ya nyumbani. Mwaka 2003 dada yangu mkubwa alijifungua mtoto wa kiume, mzima wa afya. Juma la pili mtoto alishikwa na homa kali pamoja na degedege, akatibiwa, akapona. Tukashukuru. Alipofika miezi mitatu, kichwa chake kilikuwa kimeanza kukishinda kiwiliwili. Utosi ulikuwa umevimba, na macho yalitazama chini kama jua linapotua. Majirani walisema yao. Wazee wa ukoo nao walisema yao, wakamtaka dada asitoke naye nje mchana, na kwa muda wa mwezi mzima mpwa wangu aliishi chini ya kanga. Hatimaye shemeji alikaidi, akampeleka hospitali kubwa, safari ya siku mbili kwa basi. Huko aliwekewa mrija, au mpira kama akina mama wa wodini walivyouita. Kichwa kikaacha kukua. Mtoto akaanza kucheka na kugeuza shingo. Miezi saba baadaye, katikati ya masika, alianza kutapika na kulala kupita kiasi. Mrija ulikuwa umeziba. Barabara nayo ilikuwa imekatika. Alifariki siku ya tatu, ndani ya basi, mikononi mwa mama yake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alikosa bahati tu. Baadaye nilisoma, nikatambua kwamba swali lililomuua mpwa wangu, yaani nini kitatokea mrija ukiziba na hospitali iko mbali, lilikuwa limekwisha ulizwa na mtu mwingine, mwaka ule ule, katika nchi jirani.

Hapana budi nieleze kwanza ugonjwa wenyewe, na vijana wa Baiolojia wanisamehe nikikosea njia. Ndani ya ubongo wa kila mmoja wetu mna vyumba vinne vilivyounganishwa na vijia vyembamba. Humo hutengenezwa maji safi kama ya chemchemi. Mtu mzima hutengeneza kiasi cha nusu lita kwa siku. Watengenezaji wakuu ni nyama laini zenye mishipa mingi ya damu, zilizoning'inia ndani ya vyumba hivyo mfano wa mashada, na madaktari huziita pleksasi ya koroidi. Maji hupita kutoka chumba hadi chumba, hutoka nje na kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa na kurudi kwenye damu. Kijia kikiziba, au unyonywaji ukipungua, maji huendelea kutengenezwa yasiende popote. Fuvu la mtoto mchanga bado halijaungana, kwa hiyo hutanuka. Ubongo nao hukandamizwa ukutani. Ndiyo maana ugonjwa huu, ambao kitaalamu huitwa hidrosefalasi, kwetu unajulikana kwa umbo lake tu: kichwa kikubwa, au kichwa maji.

Dawa ya kunywa hakuna. Yabaki mambo mawili: kuyatafutia maji njia nyingine ya kutokea, au kupunguza utengenezaji wake. Historia yote iliyobaki ni ya watu waliojaribu moja kati ya hayo mawili, na wa mwisho, kama tutakavyoona, aliyafanya yote kwa pamoja.

Mwaka 1910, mjini Chicago, daktari aitwaye Victor Lespinasse, ambaye kazi yake hasa ilikuwa magonjwa ya njia ya mkojo, alichukua chombo cha kuchungulia kibofu, akakiingiza katika ubongo wa watoto wachanga wawili na kuziunguza zile nyama zinazotengeneza maji. Mmoja alifariki mara. Wa pili aliishi miaka mitano. Msomaji asishangae kwamba upasuaji wa ubongo kwa njia ya kuchungulia ulianzishwa na daktari wa mkojo kwa chombo cha mkojo. Hakuna chombo kingine kilichokuwapo. Miaka minane baadaye Walter Dandy wa Johns Hopkins, Baltimore, ambaye pamoja na mwenzake Kenneth Blackfan ndiye aliyekuwa amethibitisha kwa majaribio maji yale hutoka wapi na huenda wapi, alieleza jinsi alivyowafungua watoto wanne na kuzitoa nyama hizo kabisa. Watatu walifariki. Mwaka 1923 William Mixter wa Boston alifanya jambo jingine. Alipitisha chombo cha kuchungulia hadi chumba cha tatu cha ubongo wa mtoto wa kike mwenye miezi tisa, akatoboa sakafu yake, maji yakapata njia ya mkato ya kutokea. Mtoto alipona.

Ningependa wanafunzi waushike mwaka huo 1923 na mji huo wa Boston, maana tutarudi huko.

Ushindi wa Mixter haukuenea. Vyombo vya wakati ule vilikuwa vinene, taa yake ilikuwa kijibalbu dhaifu nchani, na daktari alifanya kazi kama mtu atafutaye sindano ghalani kwa kibatari. Tracy Putnam na John Scarff waliendelea kuunguza nyama zile tangu miaka ya 1930, lakini watoto waliopotea walikuwa wengi mno, na madaktari wengi wakakata tamaa.

Ndipo ukaja mrija. Mwaka 1949, Philadelphia, Frank Nulsen na Eugene Spitz waliweka mrija wenye vali, yaani kijilango kinachofunguka upande mmoja tu, ukayachukua maji ya ubongo na kuyamwaga katika mshipa wa damu. Vali ile ya kwanza ilikuwa na kasoro. Aliyeitengeneza ikafaa alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha vitasa na makufuli, John Holter. Mwanawe Casey alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1955 akiwa na mgongo wazi, kisha kichwa kikaanza kujaa. Holter alimwona Spitz akihangaika na vali zake, akaenda zake nyumbani, na kwa majuma machache akabuni vali ya silikoni yenye mpasuko mwembamba unaofunguka maji yakisukuma na kujifunga yakitulia. Mwaka 1956 ilianza kutumika. Casey mwenyewe alifariki akiwa bado mtoto mdogo, lakini vali ya baba yake ilienea duniani. Miaka michache baadaye Roald Dahl, mwandishi ambaye vitabu vyake vya watoto baadhi yetu tulivisoma katika maktaba ya shule, alipatwa na mkasa wa namna hiyo: mwaka 1960 gari la mtoto lililombeba mwanawe Theo liligongwa na teksi mjini New York, na mirija aliyowekewa ikawa inaziba kila mara. Dahl aliungana na fundi Stanley Wade na daktari wa upasuaji Kenneth Till wakabuni vali nyingine, nao walikubaliana wasichukue faida hata senti moja.

Mimi nawaheshimu sana akina baba hao. Licha ya hayo, mrija ulibaki kuwa mrija. Ni kitu kigeni ndani ya mwili, huziba, hukatika, huingiwa na wadudu wa maradhi, na mtoto hukua akauacha mfupi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba hata katika hospitali kubwa za nchi tajiri karibu mirija minne kati ya kumi huharibika katika mwaka wa kwanza. Huko mzazi hupiga simu, gari la wagonjwa huja, na usiku ule ule mtoto hubadilishiwa. Tiba ile ilikuwa imejengwa juu ya simu, lami na gari, ila hakuna aliyeviandika katika maelezo ya mrija.

Hapa nataka kukatiza kidogo nirudi shuleni kwetu. Wale mliosoma Kidato cha Pili wakati wangu mtakumbuka Mwalimu wetu wa Fizikia alivyofunga madirisha ya maabara kwa mablanketi ya bweni, akachukua kopo la mafuta lililotobolewa ubavuni, akalijaza maji na kuwasha tochi kwa nyuma. Maji yaliruka kutoka tunduni yakipinda kuelekea ndoo, na mwanga ukapinda pamoja nayo hadi ndooni, ukang'aa kama sarafu. Tulipiga makofi. Aliyeketi karibu yangu aliuliza hiyo itafaa nini, Mwalimu akajibu, "Subiri." Basi mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany, wakiwa London, walitangaza jinsi ya kupitisha picha katika fungu la nyuzi nyembamba za kioo linalopindika, kwa kanuni ile ile ya kopo letu. Mwaka 1959 Hopkins huyo huyo akabuni mpangilio wa fito za kioo uliozipa darubini ngumu za madaktari mwanga na uangavu ambao Mixter hakuuota. Kadiri vyombo vilivyopungua unene na mwanga ulivyoongezeka, madaktari wa upasuaji walianza tena kutoboa sakafu ya chumba cha tatu, hasa kwa watoto wakubwa na watu wazima. Kwa wachanga matokeo yalikuwa hafifu, nao waliendelea kupewa mrija.

Mbale ni mji ulioko mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon, si mbali na mpaka wa Kenya. Shirika la Kikristo la CURE International lilijenga hospitali ya watoto huko, na mwaka 2000 daktari wa Kimarekani Benjamin Warf alihamia pamoja na mkewe na watoto wao sita ili aiongoze. Watoto wenye vichwa vikubwa walimiminika kuliko alivyotazamia. Jambo la kwanza alilolichunguza lilikuwa la bei. Mrija wa Chhabra uliotengenezwa India uliuzwa dola 35 za Marekani. Ule wa Codman-Hakim uliotumika Ulaya na Marekani uliuzwa dola 650. Aliwafuata watoto 195 kwa mwaka mmoja, wengine wakiwa na huu na wengine ule, asione tofauti ya maana kati yao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005. Mimi niliyekaa katika kamati za zabuni kwa miaka kadhaa nawasihi wenzangu waisome sentensi hiyo mara mbili.

Lakini mrija wa dola 35 nao huziba. Watoto wengi wa Mbale walitoka vijiji ambavyo mvua ikinyesha havifikiki, na Warf aliona wazi kwamba kumwekea mtoto wa namna hiyo mrija ni kumkabidhi mama yake saa isiyojulikana itakapolia. Tangu mwaka 2001 alianza kutoboa sakafu ya chumba cha tatu kwa endoskopu, ile darubini nyembamba inayopindika. Kwa wachanga kutoboa peke yake hakukutosha, kama wakubwa wa fani walivyokuwa wamesema. Hapo ndipo alipofanya jambo linalonifurahisha mimi mtu wa Historia: alirudi kwenye kazi za akina Dandy, Putnam na Scarff, zilizokuwa zimewekwa kando miaka mingi, akazichukulia kama kazi isiyomalizika. Kama tundu halitoshi kuyatoa maji yote, je, tukipunguza pia utengenezaji wake? Akaanza kufanya yote mawili kwa safari moja. Huingia kwa tundu dogo utosini upande mmoja, hutoboa sakafu, kisha huizungusha ncha ya endoskopu na kuziunguza nyama zile kwa umeme kidogo, chumba cha kulia na cha kushoto. Hutoka bila kuacha kitu chochote ndani.

Taarifa ya mwaka 2005 ilieleza upasuaji wa watoto 550. Kati ya wale wasiotimiza mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47. Kutoboa pamoja na kuunguza kulifaulu kwa asilimia 66. Kwa waliozaliwa na mgongo wazi tofauti ilikuwa kubwa zaidi, asilimia 35 kwa 76. Waliofariki kutokana na upasuaji walikuwa kiasi cha mmoja katika mia. Mkumbuke watatu kati ya wanne wa Dandy.

Je, dunia ilipiga makofi? La hasha, na kwa haki yake. Wakosoaji waliuliza swali gumu: mtoto aliyetobolewa hubaki na vyumba vikubwa kidogo kuliko mwenye mrija, je, ubongo wake utakua sawasawa, au tunamwokoa mama safari kwa gharama ya akili ya mwana? Swali hilo halikuweza kujibiwa kwa maneno. Watoto 100 wasiotimiza miezi sita, ambao vichwa vyao vilikuwa vimejaa baada ya maambukizi, waligawanywa hapo Mbale kwa kura, kwa ridhaa ya wazazi wao: 51 wakatibiwa kwa endoskopu na 49 wakawekewa mrija. Baada ya mwaka mmoja walipimwa akili, lugha na matumizi ya viungo, na ubongo wao ukapigwa picha na kukadiriwa ukubwa. Matokeo yalichapishwa Desemba 2017 katika jarida la tiba la New England, na miongoni mwa walioyaandika ni daktari wa Uganda John Mugamba, ambaye Warf alimkabidhi kazi ya upasuaji aliporejea kwao. Hakukuonekana tofauti ya maana ya akili wala ya ubongo kati ya makundi hayo. Waliohitaji kutibiwa tena walikuwa asilimia 35 upande wa endoskopu na 24 upande wa mrija, tofauti ambayo kwa hesabu za wataalamu haikutosha kusema huu ni bora kuliko ule.

Nimekutana na watu wanaoisimulia habari hii kana kwamba mrija umeshindwa na kuzikwa. Si kweli, na tarakimu hizo zinawasuta. Tofauti iko mahali pengine. Mtoto wa endoskopu akishindwa, kwa kawaida hushindwa mapema, katika miezi ya kwanza, mama angali akirudishwa kliniki mara kwa mara. Akivuka miezi hiyo, mara nyingi amevuka. Mwenye mrija hategemei hivyo. Mrija unaweza kuziba mwaka wa pili, wa tano, hata siku ya mtihani wa Kidato cha Nne.

Warf alikwenda kufundisha na kupasua katika hospitali ya watoto ya Boston, mji ule ule wa Mixter, na mwaka 2012 alipewa tuzo ya MacArthur. Watoto wa Boston wakaanza kutobolewa na kuunguzwa kwa mtindo wa Mbale. Madaktari wa nchi mbalimbali nao walikwenda Mbale kujifunza, badala ya Mbale kungoja kufundishwa.

Kuna jambo moja alilolikuta Warf ambalo linanirudisha kwa mpwa wangu. Katika watoto 300 wa kwanza aliowachunguza kwa makini, asilimia 60 hawakuzaliwa na ugonjwa. Waliupata baada ya maambukizi ya ubongo, na wengi wao homa hiyo iliwashika ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha. Ni nini kiliwaambukiza? Kwa miaka mingi maji yao yalioteshwa maabara pasionekane kitu. Mwaka 2020 kundi la watafiti likiongozwa na Steven Schiff na wenzake lilitangaza kwamba kwa kusoma chembe za urithi zilizomo katika maji ya watoto 100 wa Mbale, walimkuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus ambaye hakuwa akidhaniwa kabisa. Mtu akijua adui ni nani anaweza kumzuia mlangoni, kabla ya mrija na kabla ya endoskopu. Kwa mgongo wazi kinga inajulikana zaidi: asidi ya foliki mapema, tangu kabla ya mama kujua kwamba ameshika mimba. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi ziongeze virutubishi hivyo katika vyakula kama unga. Hapa kwetu Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imepokea watoto wa vichwa vikubwa na mgongo wazi kutoka pembe zote za nchi, na wengi hufika wakiwa wamechelewa, kwa sababu zile zile za kanga na maneno ya majirani.

Dada yangu alijifungua tena mwaka 2006. Hakungoja mtu amwambie. Alinunua futi kamba kwa fundi cherehani, na kila Jumapili baada ya kumwogesha mtoto alimzungushia kichwani, juu kidogo ya nyusi na kupita kisogoni, akaandika katika daftari la mistari. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemweleza kwamba kichwa cha mchanga huwa kama sentimita 35, na katika miezi mitatu ya mwanzo huongezeka karibu sentimita mbili kwa mwezi. Kikikimbia zaidi ya hapo, asingoje. Binti yule alianzia 34 na nusu. Mwezi wa tatu alikuwa na 40. Sasa yuko chuo, na daftari lile dada bado analo kabatini, pamoja na kadi ya kliniki ya yule wa kwanza.